Wiki ya vioo, stoo na makaratasi: nimeenda kuangalia makumbusho ya Uholanzi na Ubelgiji yanavyotunza vitu vyao

Jumatatu, Amsterdam

Nimefika asubuhi, begi nimeliacha nilipofikia na nikaenda moja kwa moja Rijksmuseum, makumbusho ya taifa ya Uholanzi, maana hiyo ndo sababu kubwa ya safari yote. Wengi wanakuja hapa kupiga picha mbele ya kazi za mchoraji Rembrandt alafu wanaondoka, mimi nilikua nataka kuona wanavyozitunza. Kazi yangu Dar ni kuweka picha za watu kwenye fremu, kupanga stoo, kusafisha, kwahiyo huu mradi wao wa kuchunguza ile picha yake kubwa ya Doria ya Usiku nimeufuatilia kwa muda mrefu mtandaoni na kuuona kwa macho ni kitu kingine kabisa.

Picha ipo ndani ya chumba cha kioo, palepale ukumbini, watu wanapita wanaona kila kitu. Chumba kimebuniwa na msanifu wa Kifaransa, Jean-Michel Wilmotte, na kazi ilianza Julai 2019. Yaani hawakuibeba kuipeleka nyuma wakafunga mlango, wameamua kazi ifanyike mbele ya wageni, na mimi naona huo ni uamuzi wa heshima kwa watu kwasababu picha ni ya umma. Ni kubwa jamani, karibu mita 3.8 kwa 4.5, askari wa mtaa wa Amsterdam wanajiandaa kutoka na kapteni wao Frans Banninck Cocq, ilikamilika 1642. Na wala sio usiku, ni mchana, giza lilitokana na vanishi iliyozeeka na uchafu wa miaka mingi mpaka watu wakaamini ni doria ya usiku na jina likabaki.

Leo wahifadhi walikua juu ya jukwaa linalopanda na kushuka, mmoja kainamia maikroskopu, hajainua kichwa muda wote niliosimama. Kilichonishika ni mpangilio wa kazi yenyewe. Kuanzia 2019 hawakugusa kitu kwa nia ya kutengeneza, walikua wanaangalia tu, miaka. Walipitisha mashine ya eksirei sentimita kwa sentimita, mashine ambayo inakuambia hapa kuna risasi (ile metali, sio ya bunduki), hapa kuna shaba, hapa zebaki, hapa kalsiamu, bila kukwangua hata punje. Na ni ile ramani ya kalsiamu ndo iliyotoa siri, maana Rembrandt alianza kuchora mchoro wa kwanza kwa rangi yenye chokaa nyingi, na huo mchoro ulikua haujawahi kuonekana na mtu yeyote toka alipoufunika mwenyewe, ukatangazwa Desemba 2021. Unaona alivyobadilisha mawazo, kofia ya askari mmoja alikua ameiwekea manyoya alafu akayafuta, mikuki ilikua mingi zaidi. Mimi hapo nilisimama nikawaza, mtu kafa 1669 na bado tunamuona akifikiri.

Alafu kuna picha waliyoipiga wakaitoa Januari 2022, wameunganisha picha 8,439 kuwa moja yenye gigapikseli 717, kila nukta moja inabeba eneo la sehemu 5 kati ya 1000 za milimita. Ipo bure mtandaoni. Nimewahi kukaa nayo usiku Dar na bando langu, unaingia ndani ya jicho la mtu mpaka unaona ufa wa rangi, na leo nikiwa mbele ya picha halisi nilikua nimesimama mbali nyuma ya kioo nikagundua kwamba ukaribu niliupata nyumbani. Ila ukubwa, na ule mwanga unaotoka kwa yule msichana wa nguo ya njano, hiyo huipati kwenye simu.

Jumanne, Amsterdam tena

Nimerudi. Jana nilikua na macho ya mgeni, leo nimekuja na daftari.

Kitu cha kwanza nilichotaka kuelewa ni ile habari ya risasi kwenye kitambaa, iliyotoka Desemba 2023. Walichukua chembe ndogo sana ya rangi, ndogo kuliko punje ya chumvi, wakaipeleka kwenye mashine kubwa ya miale kule Hamburg, wakakuta kwamba kabla ya kuweka rangi ya chini Rembrandt alinywesha kanvasi mafuta yenye risasi. Kwa wachoraji wa wakati wake hiyo haijazoeleka. Na maelezo wanayotoa yanaeleweka vizuri sana, picha ilikua inaenda kutundikwa kwenye ukumbi wa askari kwenye ukuta wa nje, ukuta unaopokea baridi na unyevu, kwahiyo akaamua kuikinga toka chini. Ni kama fundi wa mashua anavyopaka deheni kabla chombo hakijashuka majini. Yaani mchoraji mwenyewe ndo alikua mhifadhi wa kwanza wa hiyo picha, na hawa wa leo wanaendeleza kazi aliyoianza.

Alafu majeraha. Kila jeraha la hii picha linajulikana tarehe yake. 1715 ilihamishiwa ukumbi wa jiji pale Dam, ikawa haienei ukutani, wakaikata pande zote nne, vipande havijapatikana mpaka leo. Sura ya vile vipande inajulikana tu kwasababu kuna mtu alichora nakala ndogo kabla haijakatwa, nakala inayohesabiwa ni ya Gerrit Lundens, na 2021 wakatumia kompyuta iliyofundishwa mkono wa Rembrandt kutengeneza pande zilizokosekana, wakazitundika kwa muda pembeni ya picha bila kuigusa. 1911 mtu kaikwangua na kisu, vanishi ikaokoa. 1975 mtu kaja na kisu cha mkate akaichana kabisa, michano mirefu, wakaitengeneza na bado ukijua pa kuangalia unaona. 1990 mwingine kamwagia tindikali, walinzi wakawahi na maji, tindikali ikaishia kwenye vanishi. Wakati wa vita ya pili ya dunia waliitoa kwenye mbao wakaizungusha kwenye silinda, ikahamishwa mara kadhaa, ikamalizia kwenye mapango ya Sint-Pietersberg huko Maastricht mpaka 1945.

Ukisikiliza hiyo orodha unaelewa kwanini vanishi sio urembo. Ni ngozi ya kujitolea, ikiumia inatolewa inawekwa nyingine. Na ndo wanachofanya sasa, tangu Novemba 2024 wanatoa vanishi zilizowekwa kuanzia matengenezo ya 1975. Njia yao ni kuweka kitambaa laini chenye kiyeyushi kidogo sana, kinalala juu ya picha muda mfupi kinanyonya vanishi, alafu mabaki yanaondolewa kwa pamba huku wanaangalia kwenye maikroskopu. Kipande kidogo, alafu kingine. Hakuna kusugua. Nimewaona watu Dar wakisafisha picha za rangi ya mafuta kwa nusu limau au sabuni ya vyombo na nia yao ni nzuri kabisa, natamani wangesimama hapa dakika kumi tu waone mtu anavyofikiri kabla hajagusa.

Kabla ya hapo, 2022, waliitoa kwenye fremu yake ya mbao ya 1975 wakaiwamba kwenye fremu mpya isiyo ya mbao, kwasababu juu kushoto kanvasi ilikua imeanza kufanya mawimbi. Sababu ni nini? Makumbusho yalivyokua yanakarabatiwa, 2003 mpaka 2013, picha ilikaa jengo lingine na hali ya hewa yake haikua sawa. Mbao inavuta unyevu inaachia, inavuta inaachia, na kanvasi inafuata. Sisi tunaofanya kazi na Tingatinga tunaijua hiyo, hadibodi ya Dar ikikaa ukuta wa nje masika moja tu inapinda upinde na rangi ya kung'aa inaanza kuachia kwenye kona. Fizikia ni ileile, tofauti ni kwamba hapa kuna mtu analipwa kuangalia namba za unyevu kila siku.

Jumatano, The Hague

Safari fupi ya treni. Mauritshuis ni ndogo, nyumba ya kifahari tu, na Msichana mwenye Hereni ya Lulu wa mchoraji Vermeer yuko kwenye chumba kilichojaa watu. Sitakaa sana hapa kwenye maandishi ila lazima niseme kuhusu 2018, walivyomchunguza wiki mbili usiku na mchana kwenye kioo mbele ya wageni, wakiongozwa na mhifadhi wao Abbie Vandivere. Majibu yakatoka 2020. Kumbe nyuma yake hapakua na giza tupu, palikua na pazia la kijani, rangi yake ya mimea ndo imekufa na muda. Na ana kope, ndogo sana, macho ya kawaida hayazioni. Ila kilichonigusa zaidi ni njia za zile rangi: bluu ya kilemba imetokana na jiwe la Afghanistan, nyekundu inatokana na wadudu wanaoishi kwenye dungusi kakati za Mexico na Amerika ya Kusini, nyeupe ni risasi iliyochimbwa Uingereza. Picha ndogo hivyo, karibu 1665, na imebeba biashara ya dunia nzima. 1881 ilinunuliwa mnadani kwa gilda mbili na senti thelathini tu, ilikua chafu hakuna anayejua ni ya nani. Mtu akaangalia vizuri.

Alhamisi, Rotterdam

Depot Boijmans Van Beuningen. Hii ni stoo ya makumbusho ya sanaa ya Boijmans. Jengo zima ni stoo, bakuli kubwa la vioo linaloakisi mji, limebuniwa na ofisi ya wasanifu ya MVRDV, limefunguliwa Novemba 2021, na juu ya paa kuna msitu mdogo. Ndani kuna vitu zaidi ya 151,000 na mtu wa kawaida anaruhusiwa kuingia. Makumbusho mengi yanaonyesha sehemu ndogo sana ya walivyonavyo, vingine vinaishi gizani maisha yote, hawa wakasema basi tutawaonyesha watu giza lenyewe. Sababu nyingine ni ya dharura kabisa, stoo yao ya zamani ilikua chini ya ardhi na Rotterdam ni mji uliokaa chini ya usawa wa bahari, mafuriko yalikua yanawafuata.

Nilichojifunza hapa nitakibeba mpaka nyumbani. Vitu havijapangwa kwa mchoraji wala kwa karne wala kwa nchi, vimepangwa kwa hali ya hewa ambayo kila kitu kinaihitaji. Metali na metali maana zinataka ukavu, plastiki na plastiki maana plastiki inazeeka vibaya na inatoa gesi inayoumiza jirani, picha za kamera nyeusi na nyeupe zina chumba chao na za rangi zina chumba chao cha baridi zaidi, michoro ya mafuta na mbao inakaa pamoja. Kwahiyo unakuta kitu cha karne ya 15 kimelala rafu moja na kitu cha juzi, na wanaelewana kwasababu wote wanataka unyevu sawa. Mimi stoo yangu nimepanga kwa jina la mwenye mali. Nimeandika kwenye daftari: kupanga upya kwa unyevu, hadibodi mbali na ukuta, chochote cha ngozi kiondoke karibu na dirisha.

Dirisha za maabara ziko wazi pia. Niliona mtu anafungua fremu kwa nyuma, nyuma ya picha! Hapo nyuma ndo kuna kila kitu, mihuri ya minada, lebo za maonyesho, namba za chaki, jina la muuza fremu. Kwa mtafiti mgongo wa picha ni pasipoti, na ni hapo wanapoanzia kujua kitu kilikua mikononi mwa nani miaka ya 1933 mpaka 1945, wakati Wayahudi walikua wananyang'anywa au wanauza kwa lazima ili wakimbie. Makumbusho ya Uholanzi yamefanya uchunguzi huo kwa pamoja, yamepitia vitu vyao kimoja kimoja na yakatangaza vyenye mashaka hadharani. Hiyo nayo nimeihesabu ni kutunza. Nikawa nawaza makumbusho ya Afrika ya Tervuren wakati nasimama pale, ila hiyo ni Jumapili.

Ijumaa, Ghent

Treni kupitia Antwerp, mvua njia nzima.

Nimetumia siku nzima kwenye makumbusho ya sanaa ya MSK na sijutii. Huku ndiko inakofanyiwa kazi picha ya altare ya ndugu wawili Van Eyck, Hubert na Jan, ilikamilika 1432, mbao za mwaloni zenye mabawa yanayofunguka na kufungwa. Ni mali ya kanisa kuu la Mtakatifu Bavo. Kazi ilianza Oktoba 2012 chini ya taasisi ya taifa ya urithi wa sanaa ya Ubelgiji, wanaenda awamu kwa awamu: kwanza nje ya mabawa, ikafuata safu ya chini ya ndani mpaka 2019, na kuanzia 2023 safu ya juu. Ukuta wa kioo, wahifadhi ndani, sisi nje.

Walivyoanza walidhani wanaenda kutoa vanishi ya njano basi. Walivyotoa vanishi wakaanza kuona kwamba mikunjo ya nguo haina akili ya Van Eyck, mizito, mivivu. Wakapima, wakakuta kwamba kwenye mabawa ya nje karibu asilimia 70 ya eneo lilikua limepakwa rangi upya na watu wengine, zamani sana, karne ya 16. Na hakuna aliyekua amejua. Wanahistoria wa sanaa vizazi na vizazi wameandika vitabu kuhusu mkono wa Van Eyck wakiwa wanaangalia mkono wa mtu mwingine.

Sasa hapo ndo panakuja swali gumu na mimi nataka kukaa nalo kidogo. Ile rangi ya juu nayo ni ya zamani, ina karibu miaka 450, nayo ni historia, waliopaka walikua mafundi wenye heshima yao wakijaribu kuokoa picha iliyochakaa. Una haki gani ya kuitoa? Hawakuamua peke yao, iliitwa kamati ya wataalamu wa nchi mbalimbali, wakafanya vipimo vya kuona kilicho chini kina hali gani, na wakakuta Van Eyck amelala salama chini, kilichopotea ni kidogo tu. Hapo ndo ikakubaliwa. Ingekua chini kumeharibika sana wangeiacha, na kwangu mimi hiyo ndo alama ya mtu anayejua kazi, uwezo wa kuacha. Wakatoa kwa visu vya upasuaji, chini ya maikroskopu, tabaka la juu linalainishwa kidogo kwa kiyeyushi alafu linainuliwa chembe kwa chembe. Sentimita chache kwa siku.

Na Mwanakondoo. Katikati ya picha kuu kuna Mwanakondoo juu ya altare, damu inatiririka kwenye kikombe, malaika wamemzunguka. Uso ambao dunia nzima iliuzoea ulikua wa kondoo tu, mpole, anaangalia popote. 1951 walisafisha kidogo wakafunua masikio ya asili lakini wakaacha na yale yaliyopakwa, kwahiyo miaka karibu sabini Mwanakondoo alikua na masikio manne! Alafu wakati huu wakaondoa yote, wakakuta uso mwingine kabisa, macho yapo mbele, makubwa, yanakutazama wewe moja kwa moja, midomo imebana. Mapema 2020 picha ilisambaa mtandaoni na watu wengi wakacheka, wakasema wahifadhi wameharibu. Hawakuharibu. Wamerudisha alichochora Van Eyck, na alichochora hakikua cha kupendeza, kilikua cha kukuuliza. Mimi nimelelewa kwenye kuimba Mwanakondoo wa Mungu kila Jumapili na sikuwahi kufikiria kwamba anaweza kukuangalia hivyo. Waliompaka karne ya 16 labda nao waliona ni mzito sana, wakampunguza makali.

Kila hatua imepigwa picha, kabla, wakati, baada, na picha zipo wazi kwa kila mtu mtandaoni. Kijazio chochote kipya wanachoweka kinawekwa juu ya vanishi, kwa rangi inayoweza kuondoka kirahisi, ili mhifadhi wa miaka mia ijayo akiona walikosea aondoe bila kuumiza kitu. Nimeuliza swali kwa dada mmoja anayeongoza wageni, nikamwambia kwani hamwogopi kwamba watakaokuja watawahukumu, akasema ndo maana tunawaandikia kila kitu.

Jumamosi, Ghent

Nimeenda kanisani kuona zile mbao zilizomalizika, ziko kwenye kabati la kioo lenye hewa yake. Sitasema mengi, nimekaa kimya muda mrefu.

Ila moja. Hii picha imebebwa na kila mtu. Wafaransa walichukua mbao za katikati 1794 zikakaa Louvre mpaka 1815, mabawa yakauzwa 1816 yakaishia Berlin, yakarudishwa baada ya vita ya kwanza kwa mkataba wa Versailles, Wanazi wakaibeba yote, 1945 ikakutwa kwenye mgodi wa chumvi wa Altaussee, Austria. Na ubao mmoja, wa Waamuzi wa Haki, uliibiwa Aprili 1934 na haujapatikana mpaka leo, kilichopo ni nakala ya Jef Van der Veken. Nikajiuliza mbona Ulaya wanaelewa vizuri sana kwamba picha ikiporwa inarudi. Imeandikwa mpaka kwenye mkataba wa amani. Wanajua tarehe, wanajua gari lililobeba.

Jumapili, Tervuren

Kutoka Brussels unapanda tremu namba 44, inapita msituni, pazuri sana. Makumbusho ya Afrika yapo mwisho wa njia. Nilikua naiogopa hii siku kidogo.

Nimeanzia kwenye makaburi ya kanisa kabla ya makumbusho. 1897 Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, alileta Wakongo 267 kwenye maonyesho hapa, wakawekwa kwenye vijiji vya kuangaliwa, saba wakafa. Wamezikwa hapo pembeni ya kanisa. Makumbusho yalizaliwa kutokana na maonyesho hayo. Ndani sasa kumekarabatiwa, walifunga 2013 wakafungua Desemba 2018, na wana vitu vya utamaduni zaidi ya 120,000.

Kwa upande wa ufundi wa mbao wako vizuri mno. Wana maktaba ya mbao, sampuli za miti za dunia nzima, moja ya kubwa kuliko zote, na wanaitumia kujua kinyago kimechongwa kwa mti gani na huo mti unaota wapi. Mtaalamu wao mmoja, Roger Dechamps, alianza kuchunguza sanamu kwa njia hiyo zamani, miaka ya 1970. Chembe ya mbao chini ya maikroskopu inaweza kukataa au kukubali hadithi ya muuzaji. Wadudu nao ni vita ya kila siku. Zamani makumbusho mengi ya Ulaya yalikua yanapulizia DDT na sumu ya aseniki kwenye vitu vya mbao, ngozi na manyoya, ikaua dumuzi lakini ikabaki ndani, kwahiyo leo kitu kama hicho kinaporudishwa kwa wenyewe lazima kipimwe kwanza, kuna vitu wazee hawawezi tena kuvishika kwa mikono mitupu wala kuvivaa. Hilo liliniuma. Kitu cha ibada, umerudishiwa, na huwezi kukivaa.

Alafu nikakutana na Lusinga.

Ni sanamu ya mbao, ya Watabwa, ya mzee wa ukoo, amesimama, mikono tumboni, nywele zimesukwa zinashuka nyuma, chale zimepangwa mgongoni kwa ustadi ambao sijauona kwa mtu yeyote wiki hii na nimetoka kumwona Van Eyck. Lusinga alikua chifu mwenye nguvu upande wa magharibi wa ziwa Tanganyika. Na aliyeichukua ni Émile Storms, ofisa wa Kibelgiji, ambaye 1882 alipewa kituo cha Karema, Karema yetu, upande wa Tanzania, alafu 1883 akavuka akajenga Mpala upande wa pili. Desemba 1884 akatuma watu wake wakamuua Lusinga, wakamkata kichwa. Fuvu likaenda Brussels, likaishia kwenye taasisi ya sayansi za asili. Sanamu Storms alikaa nayo nyumbani kwake kama pambo, kuna picha ya sebule yake inaonyesha, akafa 1918, na miaka ya 1930 mjane wake akaitoa kwa makumbusho. Kwahiyo kisheria ni zawadi ya mjane.

Pembeni yangu alikua amesimama mzee mmoja na binti yake, wanaongea Kiswahili cha Kongo, nikawaamkia, shikamoo baba. Akaniuliza nimetoka wapi, nikasema Dar. Akaniambia yeye ni wa ku Moba, mji wa Kongo kando ya ziwa hilohilo, akanyoosha kidole kwenye sanamu, akasema huyu ni wa kwetu. Tukakaa naye pale. Hakuwa na hasira ya kelele. Alikua anataka kujua kama kuna mtu toka kule Moba aliyewahi kuulizwa hizi nywele zinamaanisha nini na hizi chale ni za nani. Mimi nilikua sina jibu la kumpa.

Hapo wiki yangu yote ikakaa sawa kichwani. Doria ya Usiku ina faili linalosema nani aliiumiza mwaka gani na kwa kisu gani, ina chembe ndogo kuliko chumvi iliyosafirishwa mpaka Hamburg. Lusinga mbao yake imetunzwa vizuri, haina dumuzi, ina mwanga sahihi, lakini kwa miongo mingi faili lake lilikua linaongea habari za mbao na umbo, na jinsi ilivyopatikana ilikua inapitwa haraka. Sasa wanachimba. Makumbusho yameweka watafiti wa asili ya vitu, wanasoma barua, shajara, rejista za kuingizia vitu, wanaandika wazi kwamba hiki kilichukuliwa kwa bunduki. Februari 2022 serikali ya Ubelgiji iliikabidhi Kongo orodha ya vitu karibu 84,000, Juni mwaka huohuo mfalme Philippe akapeleka kinyago cha Kakuungu cha Wasuku kwenye makumbusho ya taifa Kinshasa, japo kwa mkopo usio na kikomo, na Julai ikapita sheria ya kuruhusu vitu vya kikoloni kurudi. Ni mwanzo, na mimi nauheshimu, lakini ule ufundi niliouona nyuma ya vioo Amsterdam na Ghent unatakiwa uje na huku kwa nguvu ileile. Kusoma barua ya Storms mstari kwa mstari ni kazi ya uhifadhi sawa na kutoa vanishi.

Jumatatu, Brussels

Ndege ni jioni. Asubuhi nimekaa na kahawa nimeandika barua pepe kwenda kwenye kumbukumbu za Tervuren, maana makaratasi ya Storms yapo hukohuko, kwa Kifaransa, na mtafiti anaruhusiwa kuomba kuyasoma. Mzee wa Moba amenipa namba ya binti yake, yeye anasoma Kifaransa vizuri na amekubali tutasoma pamoja kwa simu. Nimeomba barua za Karema za 1882 mpaka 1885, majina ya watu wa pwani na rugaruga, wale askari wa kukodi, waliokua wanalipwa hapo, na orodha ya mizigo iliyovuka ziwa kuja upande wetu. Nataka kujua ile sanamu ilibebwa na nani, kama ilipita Karema na Tabora kabla ya kufika baharini, na kama kuna mtu njiani aliyeandika chochote kuihusu.